Kitufe cha Mama Raudha

Roboti ilifunga ombi langu kwa mara ya sita siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, halafu ikanishukuru kwa uvumilivu wangu.

Uvumilivu! Mimi sina uvumilivu na sijawahi kudai ninao. Nilichokuwa nacho ni ombi moja tu, tena la haki, nililowaandikia miaka mitatu iliyopita watu waliotengeneza programu iitwayo Zamuni. Zamuni inapanga foleni. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaichukua bure, anausoma msimbo wake, na akitaka anaubadilisha. Watunzaji wake wako Ulaya. Walipotafuta jina la kupendeza wakaazima neno letu, zamu, wakaliongezea mkia. Jina walilichukua kwetu. Shida zetu wakaziacha hukuhuku.

Mimi ndiye niliyeileta Zamuni kwenye yadi ya malori ya Tujikaze, pale Chapwa, wanapoegesha madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Dereva akifika getini anafungua Zamuni kwenye simu yake, anabonyeza "Nimefika", na simu inaandika saa. Aliyefika mapema anaondoka mapema. Hata mtandao ukikatika, saa imeshaandikwa, na mtandao ukirudi orodha inajipanga yenyewe. Nilitembea kifua mbele mji mzima kwa ajili ya jambo hilo.

Lakini anayeishi Tunduma anajua tabia za simu zetu. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukiwa na laini ya Zambia, au simu yako ikidaka mnara wa Nakonde, saa inarudi nyuma yenyewe bila kukuuliza. Unakaa palepale unakula chipsi, inakuwa saa tisa, inakuwa saa nane, inakuwa saa tisa tena. Sisi tumezoea, tunaulizana: "Saa tisa ya huku au ya kule?" Zamuni haiulizi. Dereva mwenye laini ya Zambia akiingia saa tisa, inamwandika saa nane, na kila aliyetangulia kuingia ndani ya saa hiyo nzima anajikuta nyuma yake.

Kwa hiyo niliwaomba: ruhusuni kila yadi iwe na saa yake moja, saa ya simu ya dereva isihesabiwe. Basi. Mtu mmoja akaweka dole gumba. Mwingine akaandika, "Wazo zuri." Wakalibandika ombi lebo ya kijani, kisha kimya. Baada ya miezi sita roboti yao, yaani programu ya kusafisha maombi ya zamani, ikalifunga kwa sababu halikuguswa. Nikalifungua. Likafungwa. Nikalifungua. Katika miaka hiyo mitatu waliongeza mandhari meusi, vikatuni vinavyocheka, na wimbo mfupi wa kukupongeza ukifika mbele ya foleni. Wimbo! Dereva amekaa siku nne kwenye vumbi, mnampigia wimbo!

Na mwezi uliopita wakafanya kibaya zaidi. Wakatoa toleo jipya ambalo msimamizi wa foleni hawezi tena kusogeza jina kwa mkono. Eti kwa ajili ya uwazi.

Msimamizi wetu ni Mwanaasha, ambaye yadi nzima inamwita Mama Raudha. Alikuja Tunduma kutoka Tanga na marehemu mumewe, aliyekuwa dereva. Mume alipofariki, madereva wenyewe walimweka kwenye kibanda cha getini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Miaka yote hii Zamuni ilipokosea, yeye alilirudisha jina mahali pake kwa kidole na mambo yakaisha. Toleo jipya lilipotoka nililiweka asubuhi ileile, maana sipendi yadi yangu ibaki nyuma. Tangu siku hiyo kidole chake hakikuwa na kazi, na foleni ikawa inapinda kila siku mbele ya macho ya watu wote.

Jumatano hiyo, nikiwa bado na hasira ya roboti, nilifika yadi nikakuta watu wamejaa kibandani. Jonasi, dereva wa Vwawa aliyepakia vitunguu, alikuwa ameshika dirisha kwa mikono miwili kama anataka kuling'oa.

"Nilimwona kwenye kioo!" alikuwa akipiga kelele. "Toka pale Mpemba namwona Aziz nyuma yangu! Mimi juzi nimeingia saa tisa na dakika ishirini, yeye saa tisa na nusu. Leo orodha inasema katangulia! Kapita wapi? Juu ya lori langu?"

"Jonasi, mwanangu, vuta pumzi," Mama Raudha alisema.

"Sivuti! Vitunguu vyangu vimeanza kuota majani. Nikifika Lubumbashi nitakuwa nauza bustani."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Aziz ni mdogo wake Mama Raudha, wa baba mmoja mama mmoja. Na Aziz, kama madereva wengi wa siku nyingi kwenye njia ile, hutumia laini ya Zambia.

"Wiki iliyopita Aziz, juzi Aziz, na wale rafiki zake Aziz," mtu mwingine alidakia kutoka nyuma. "Mashine gani inajua ukoo wa mtu?"

"Mnaniita mwizi?" Mama Raudha aliuliza. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Kisha akaja Makame, mwenyekiti wa madereva, mtu mfupi anayeongea kama anayehesabu maneno yake. Alisema jambo hili lisiamuliwe dirishani. Jumamosi saa tatu asubuhi madereva watakutana, na waamue kama Mama Raudha anabaki getini au anakabidhi funguo za kibanda.

Niliondoka pale mbio. Mwanamke huyu hana kitu mjini hapa ila kile kibanda na jina lake. Nilifungua kompyuta nikalifungua ombi langu kwa mara ya saba, na safari hii sikuwaandikia kwa Kiingereza changu cha kuombea. Niliandika kwa Kiswahili, niliandika nikiwa nimesimama, na sijutii hata neno moja:

"Nyinyi mlioazima neno letu! Kuna mama hapa Chapwa anaitwa mwizi kwa sababu yenu. Miaka mitatu nabisha hodi, mnaniwekea roboti mlangoni. Mmepata muda wa kutunga wimbo. Mmepata muda wa kuchora katuni. Hamkupata muda wa kusoma mistari mitatu. Jumamosi huyu mama atafukuzwa mbele ya watu, na nyinyi mtakuwa mnachagua rangi. Kama hamtaki kutusikiliza, rudisheni neno letu, mkaiite programu yenu kwa lugha yenu!"

Jibu lilikuja Alhamisi asubuhi. Halikuwa la roboti. Mtunzaji mmoja aliandika kwa Kiswahili kilichopita kwenye mashine ya tafsiri, kinachochechemea, lakini nilikielewa. Alisema wamebaki wawili tu, yeye ni muuguzi na mwenzake ni mwalimu, na hii programu huifanya wakitoka kazini. Maombi yaliyo wazi ni mia tisa na kumi na mawili. Alisema amesikitika sana. Kisha akaandika: "Mistari yako mitatu ya zamani ilisema unataka saa moja ya yadi. Haikusema nani anaumia. Leo ndiyo mara ya kwanza najua kuna mama. Kubadilisha saa ndani ya Zamuni kutatuchukua miezi, kwa sababu kila kitu kimejengwa juu yake. Lakini je, umemuuliza yeye anataka nini?"

Damu ilinipanda. Mimi nauliza, yeye ananirudishia swali! Na swali lenyewe lilikuwa la dharau, kana kwamba mimi, ninayekanyaga vumbi la yadi ile kila siku, sijui watu wangu wanataka nini. Nikaenda kibandani kumchukua Mama Raudha awe shahidi wangu. Nilitaka maneno kutoka mdomoni mwake niwatupie usoni.

"Shikamoo, Mama Raudha."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nilimsomea jibu lote. Nilisoma kwa sauti ya kejeli, na nilipofika kwenye swali la mwisho nikaangua kicheko.

"Eti nimekuuliza unataka nini! Watu hawa wana akili kweli? Hebu niambie, mama, niwaandikie neno kwa neno."

Hakucheka. Alikuwa akikunja kanga yake, akaiweka mezani.

"Niandikie kitufe," alisema.

"Kitufe gani?"

"Tumpale, usinichezee. Kitufe! Kile nilichokuomba wiki ile uliyoniletea hicho kidude. Nilikuambia, mimi nimekaa getini, naliona kila lori linapoingiza pua. Nipe kitufe nibonyeze mwenyewe, mmoja, wa pili, wa tatu. Sihitaji saa. Saa ya nini? Kwenye mashine ya unga kuna mtu anauliza saa? Unaweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzako, imekwisha."

Nilikumbuka. Nilikumbuka kwa kuchelewa, kama mtu anayekumbuka alichosahau nyumbani akiwa tayari njiani.

"Lakini mama, ile ingekuwa kurudi nyuma. Maana ya Zamuni ni dereva ajiandikishe mwenyewe—"

"Ndivyo ulivyoniambia. Maneno hayohayo. Nikakuomba tena Ramadhani, ukasema nisubiri, Wazungu watarekebisha saa. Nikakuomba mvua zilipoanza na mtandao ukafa siku mbili, ukasema nisubiri. Nikamtuma Raudha akuandikie kwenye simu, labda mimi sijui kueleza. Ukamtumia dole gumba." Sasa alikuwa amepandisha sauti, na mlinzi wa geti akageuka kututazama. "Dole gumba, Tumpale! Mtoto wangu kakaa kakuandikia ukurasa mzima, wewe unamtumia dole!"

"Nilikuwa na shughuli, mama."

"Na hao wa Ulaya wako wana shughuli. Lakini wao unawatukana. Mimi nimtukane nani? Mwezi mzima naitwa mpendeleaji. Jana nimeitwa mwizi mbele ya mdogo wangu. Na kitufe changu ulikuwa nacho mfukoni mwako miaka mitatu."

Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa mabovu. Lile la kweli sikulisema pale, ila nalisema hapa: msimbo wa Zamuni uko wazi. Hakuna aliyenizuia kuweka kitufe kile kwenye nakala yetu ya yadi, siku yoyote, bila ruhusa ya mtu. Sikukiweka kwa sababu kilikuwa kidogo. Nilitaka lile jambo kubwa la saa lipite, ili jina langu, la mtu wa Isongole aliyejifundisha mwenyewe kwenye kompyuta ya kuazima, liandikwe kwenye orodha yao ya wachangiaji. Kwa kitufe cha mama wa getini hakuna anayeandikwa popote.

"Nitakifanya leo," nilisema.

"Kifanye. Na Jumamosi usije kunitetea kwa zile habari zako za saa za dunia. Uje useme ulichofanya."

Kazi yenyewe ilinichukua alasiri moja na asubuhi ya Ijumaa. Hasira ilinitafuna zaidi ya kazi. Kila nilipomaliza mstari nilijiambia, hiki tu? Hiki ndicho mtu amekiombea miaka mitatu? Ijumaa adhuhuri nilimpa simu akaijaribu. Alisema kitufe ni kidogo mno, yeye hubonyeza akiwa na kikombe mkono mwingine. Nikataka kubisha. Nikakikuza mpaka kikajaza nusu ya skrini.

Jumamosi walikuja madereva kama arobaini. Walisimama kati ya malori, wengine wamekaa juu ya matairi ya akiba. Mama Raudha alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, amevaa baibui jeusi kana kwamba anakwenda msibani, na funguo za kibanda ziko mapajani.

Jonasi alirudia mashtaka yake, na alirudia vizuri. Aziz alisimama akasema yeye hajui kitu, alibonyeza kama wenzake. Mtu akamjibu, "Wewe kila siku hujui kitu, ila kila siku uko mbele!" Makame akapiga filimbi.

Ndipo nikasimama. Licha ya yote niliyoambiwa, nilianza na saa. Sikuweza kujizuia. Nilinyanyua simu mbili, moja yenye laini ya huku na moja ya kule, nikawaonyesha zinavyotofautiana.

"Awe, awe!" Jonasi akakataa kwa Kibemba chake cha barabarani, yaani hapana, hapana, akitikisa kidole. "Hayo tunayajua toka tumezaliwa. Nani hajui saa ya Zambia? Sisi hatuulizi saa. Tunauliza kwa nini yule mama ameiacha itupange hivyo mwezi mzima."

"Kwa sababu nilimfunga mikono," nilisema.

Nikaendelea kabla ujasiri haujaniisha. Nikasema kwamba zamani yeye alikuwa akiyarudisha majina kimyakimya kila siku, na ndiyo maana hawakuwahi kuona kosa. Nikasema mimi ndiye niliyeweka toleo lililomnyang'anya uwezo huo, tena kwa mbwembwe, bila kumuuliza. Nikasema aliniomba kitufe tangu wiki ya kwanza, akaniomba tena na tena, na binti yake akaniomba kwa maandishi, na nilikataa.

"Kwa nini ulikataa?" Makame aliuliza.

"Nilidhani najua zaidi yake."

"Na ulikuwa unajua?"

"Hapana."

Sijawahi kulipenda neno hilo. Kuna aliyepiga mluzi. Dereva mmoja mzee akasema, "Kumbe mwizi wetu ana kompyuta," na kicheko kikapita kwenye malori yote. Nilikimeza. Mama Raudha hakunitazama.

"Kionyeshe," Jonasi alisema. "Maneno tumeshiba."

Hatukungoja. Lori la mbao lilikuwa linapunguza mwendo barabarani, nyuma yake la simenti. Mama Raudha akanyanyuka, akasimama getini na simu yake. La mbao likaingiza pua, akabonyeza, akaandika mzigo. Dereva wa simenti alikuwa ametoka Zambia wiki ileile, laini ya kule bado iko kwenye simu yake. Lori lake likaingiza pua, akabonyeza. Jonasi alimpokonya simu, akaisoma, akampa Makame, naye akaisoma kwa sauti: mbao, kisha simenti. Hapakuwa na saa yoyote kwenye skrini.

"Wanaotaka Mama Raudha abaki getini," Makame alisema, "wanyanyue funguo za malori."

Funguo zilinyanyuka, zikalia kama sarafu kwenye bati. Hazikuwa zote. Watano au sita waliacha mikono mifukoni, na nawajua kwa majina. Jonasi alikuwa wa mwisho kunyanyua. Alinyanyua huku amekunja uso.

"Nimekukosea, mama," alisema.

"Umenikosea," Mama Raudha alijibu. "Mbele za watu. Nitakusamehe, lakini si leo. Leo bado nimekasirika."

"Na vitunguu vyangu?"

"Aziz atakupisha. Si ndivyo, Aziz?"

Aziz alikubali upesi sana.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nakunja kompyuta yangu nijiondoe kwa heshima iliyobaki, lakini yule dereva mzee akanizuia kwa kiganja kifuani.

"Kijana, usikimbie. Mimi nina ombi tangu mwaka juzi. Nikitoka yadi kwenda hospitali, jina langu linafutika. Nataka libaki."

"Na maandishi yaongezwe ukubwa," mwingine alipaza sauti. "Wengine macho yetu yameishia barabarani!"

"Na huo wimbo utolewe! Unaniamsha!"

Walinizunguka. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokisema zamani, kwa mtu fulani, na mtu huyo fulani mara nyingi nilikuwa mimi. La hospitali sikulikumbuka kabisa. La maandishi nililikumbuka vizuri, nililiona la kipuuzi. Hasira yangu yote ya Jumatano ilikuwa bado ndani yangu, ina nguvu zilezile, ila sasa haikuwa na mahali pa kwenda.

"Wazee, mambo haya hayafanyiki kwa siku moja," nilianza. "Kwanza niyapange, halafu tutaona lipi—"

Mama Raudha aliingiza mkono kibandani, akatoa daftari na kalamu, akanisukumizia kifuani.

"Kaa hapo," alisema, akinionyesha kiti chake mwenyewe. "Andika la kila mtu na jina lake. Na asiyepata jibu leo, mwambie siku gani atajibiwa."

Nikakaa. Dereva mzee akainama juu ya bega langu kuhakikisha naliandika jina lake sawasawa.